Maswali ya Wasomaji: Kanuni ya Mnyororo Mbele ya Projekta

Barua tulizopokea safari hii kuhusu hisabati ya kidato cha tano na cha sita zimegusa jambo moja: namna ya kuifundisha kanuni ya mnyororo katika kalkulasi kwa kutumia projekta, vishikwambi na programu za grafu. Kanuni hiyo inasema kwamba fankisheni moja ikiwa ndani ya nyingine, kasi ya badiliko ya nje huzidishwa kwa kasi ya badiliko ya ndani. Tumezifupisha na kuzijibu kwa pamoja.

SWALI: Ndugu mshauri, ninafundisha hisabati ya kidato cha tano na cha sita katika shule ya Serikali mkoani Ruvuma. Shule ina projekta moja, nami nina kishikwambi nilichopata pale walimu tulipogawiwa vile vilivyotumika katika Sensa ya 2022. Wanafunzi wangu wanaikariri kanuni ya mnyororo vizuri sana, lakini ukiwapa y = (3x² + 1)⁵ waitofautishe, yaani watafute kasi ya badiliko lake, wengi wanaandika 5(3x² + 1)⁴ na kuweka kalamu chini. Niliwaonyesha kwa GeoGebra, programu ya kuchora grafu, mkunjo wenye tanjenti (mstari unaougusa na kuonyesha mteremko wake) inayotembea juu yake. Walifurahi, lakini katika jaribio lililofuata walirudia kosa lile lile. Je, kifaa hakifai, au sijui kukitumia?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, kifaa kinafaa, na ulifanya vyema kukiingiza darasani. Kilichokosekana kiko ndani ya picha yenyewe. Tanjenti inayotembea juu ya mkunjo inawaonyesha wanafunzi x na y peke yake. Ile u = 3x² + 1 iliyo katikati, ambayo ndiyo inayobadilika kwanza pale x inapobadilika na ndiyo inayoisukuma y, haionekani popote kwenye kioo. Mwanafunzi anayeandika 5(3x² + 1)⁴ amesahau hatua ya kutoka x hadi u, na picha ambayo nayo imeiruka hatua hiyo haiwezi kumkumbusha, hata ingekuwa nzuri kiasi gani.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora mkunjo wowote, anza na mistari mitatu ya namba iliyolala sambamba: wa juu uwe wa x, wa kati uwe wa u, na wa chini uwe wa y. Katika GeoGebra tengeneza vitelezi viwili vya kubadilisha thamani kwa kuburuta, a na h; andika g(x) = 3x − 1, inayoigeuza x kuwa u, na f(x) = x², inayoigeuza u kuwa y; kisha weka nukta (a, 4), (g(a), 2) na (f(g(a)), 0), uziunganishe kwa vipande vya mstari, na urudie nukta hizo hizo kwa a + h ukitumia rangi nyingine. Ukiweka a = 1, nukta ya juu itasimama kwenye 1, ya kati kwenye 2 na ya chini kwenye 4. Fankisheni hizi ni nyepesi kwa makusudi, kwa sababu siku ya kwanza macho ya mwanafunzi yanapaswa kushughulika na mnyororo wenyewe, si na vipeo vikubwa.

Sasa nakuomba uzingatie jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko programu yoyote: usikisogeze kitelezi kabla kila mwanafunzi hajaandika anachotarajia kukiona. Waambie, "Nitaongeza x kwa 0.1. Nukta ya kati itasogea kiasi gani, na ya chini itasogea kiasi gani?" Wape dakika mbili, pita katikati ya madawati usome wanachoandika bila kusema lolote, ndipo usogeze. Nukta ya kati itafika 2.3, yaani imesogea 0.3, na hilo wengi watakuwa wamelipata. Nukta ya chini itafika 5.29, yaani imesogea 1.29, na hapo ndipo karatasi zao zinapoanza kukupa habari. Aliyeandika 0.4 amesahau kwamba u imekwisha kusogea mara tatu ya x. Aliyeandika 0.6 ameikumbuka hiyo tatu, lakini amekokotoa 2x pale x ilipo 1, badala ya 2u pale u ilipo 2. Haya ni makosa mawili tofauti, yanahitaji maelezo tofauti, na ubao wa chaki peke yake ungekuonyesha tu kwamba wote wawili wamekosa.

Kisha punguza h hadi 0.01. Nukta ya kati sasa inasogea 0.03 na ya chini inasogea 0.1209. Ukigawa, badiliko la y ni mara 4.03 ya badiliko la u, ilhali pale h ilipokuwa 0.1 lilikuwa mara 4.3. Wanafunzi wenyewe wataona kwamba uwiano huo unaikaribia 4. Hivyo u husogea mara 3 ya x, y husogea karibu mara 4 ya u, na kwa sababu hiyo y husogea karibu mara 12 ya x. Watakapofungua mabano na kupata y = 9x² − 6x + 1, wakaitofautisha kwa njia waliyoizoea, watapata 18x − 6, ambayo kwa x = 1 ni 12. Ni vizuri wakutane na jibu hilo kwa njia mbili ndani ya kipindi kimoja.

Wapo watakaouliza kwa nini tunazidisha badala ya kujumlisha. Wape mfano wa mpanda Mlima Kilimanjaro. Kwa wastani hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kila mita 1,000 unazopanda, yaani nyuzi 0.0065 kwa kila mita. Mpandaji akipanda mita 300 kwa saa, hewa inayomzunguka inapoa kwa 0.0065 × 300, ambayo ni nyuzi 1.95 kwa saa. Kimo ndicho kilicho katikati: joto linategemea kimo, na kimo kinategemea saa. Waandike vipimo kando ya namba. Nyuzi kwa mita zikizidishwa kwa mita kwa saa zinaleta nyuzi kwa saa. Zikijumlishwa hazileti kitu chenye maana yoyote. Mwanafunzi wa mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati huelewa hoja hii ya vipimo haraka sana, na atakayesahau kanuni ndani ya chumba cha mtihani anaweza kuijenga upya kwa njia hiyo.

Baada ya hapo, na si kabla, rudi kwenye (3x² + 1)⁵ na mikunjo yako. Chora fankisheni hiyo kati ya x = −0.4 na x = 0.4, kwa sababu nje ya hapo inapanda kwa kasi mno na kioo hakitoshi. Katika grafu ya pili chora jibu lao, 5(3x² + 1)⁴, kama lilivyo. Waulize: mkunjo wa kwanza una mteremko gani pale x = 0? Pale ndipo chini kabisa, na tanjenti imelala kabisa, kwa hiyo mteremko ni sifuri. Jibu lao linasema 5. Waulize tena: upande wa kushoto wa sifuri mkunjo unashuka au unapanda? Unashuka, ilhali jibu lao ni chanya kila mahali. Kile kilichokosekana ni 6x, ambayo ni sifuri pale inapotakiwa kuwa sifuri na hasi pale inapotakiwa kuwa hasi. Wakishaandika 30x(3x² + 1)⁴ na kuichora, waache waisogeze nukta na kulinganisha wenyewe. Grafu hapa inamwonyesha mwanafunzi sababu ya kukosea, jambo ambalo alama ya kosa ya kalamu nyekundu haliwezi.

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mwalimu wa kike mkoani Kigoma. Darasa langu ni kubwa, umeme unakatika mara kwa mara, intaneti ni ya kubahatisha, na wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Nasikia kuhusu madarasa ambayo kila mwanafunzi anabonyeza kitufe na jibu lake linaonekana ukutani. Kwetu hilo ni ndoto. Je, kuna namna yoyote ya kulishirikisha darasa zima katika mada hii?

JIBU: Mwalimu, ipo, na inafaa kujua kwamba vile vitufe havikuwa kiini cha njia hiyo. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alianza mwaka 1991 kugawa mhadhara wake kwa maswali mafupi. Kila mwanafunzi anapiga kura ya jibu peke yake, kisha anajadiliana na aliye jirani yake, kisha wote wanapiga kura tena. Kura inaweza kupigwa kwa kitufe, kwa karatasi yenye herufi, au kwa vidole vilivyowekwa mbele ya kifua ili wa nyuma wasivione. Kinachobeba njia hii yote ni swali lenyewe na yale mabishano ya katikati.

Nitakupa swali moja ninalolipenda kwa kanuni ya mnyororo, kwa sababu halihitaji kukokotoa na halimpi mwanafunzi mahali pa kujificha nyuma ya kanuni aliyoikariri. Andika ubaoni taarifa hizi peke yake: g(1) = 3, g′(1) = 2, f′(1) = 5, f′(2) = 7, f′(3) = 4, ambapo alama ′ ni kasi ya badiliko. Uliza: kasi ya badiliko la f(g(x)) pale x = 1 ni ngapi? Chaguo A ni 4, B ni 7, C ni 8, na D ni 10.

Kila herufi hapo inatokana na fikra yake. Aliyechagua A amekokotoa fankisheni ya nje mahali sahihi, pale u ilipo 3, akasahau kuzidisha kwa kasi ya ndani. Huyu ni ndugu wa yule anayeandika 5(3x² + 1)⁴. Aliyechagua D amezidisha, lakini fankisheni ya nje ameitafutia kasi pale x ilipo, si pale u ilipo. Aliyechagua B ameitia kasi ya ndani, 2, ndani ya f′, na hili ni kosa linalotokea zaidi kwa wale wanaosoma alama kwa haraka. Jibu ni C, kwa sababu 4 × 2 ni 8. Ukiangalia kadi zilizoinuliwa, kabla hujasema neno unajua ni fikra ipi iliyotawala darasa lako asubuhi hiyo.

Ikiwa walio sahihi ni wachache mno, mabishano hayatasaidia. Rudi kwenye mistari mitatu ya namba, ambayo unaweza kuichora kwa chaki na rula umeme ukikatika. Ikiwa karibu wote wamepata, thibitisha na usonge mbele. Darasa lililogawanyika katikati ndilo lenye faida kubwa: waambie kila mmoja amtafute jirani mwenye herufi tofauti na amshawishi. Waache wabishane kwa Kiswahili hata kama somo linafundishwa kwa Kiingereza, kwa kuwa saa hiyo unachokitaka ni hoja. Maandishi ya mwisho kwenye daftari yatakuwa kwa lugha ya mtihani.

Ukiweza kupata intaneti, hata ya simu yako tu, zipo kadi za Plickers. Kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye mchoro wa mraba usiofanana na wa mwingine. Anaigeuza kulingana na herufi anayoichagua, nawe unapitisha kamera ya simu yako mbele ya darasa na simu inahesabu kura za wote. Mchoro hausomeki kwa macho, kwa hiyo mwanafunzi mwenye haya hachungulii wala hachunguliwi. Kadi unazichapisha mara moja, ukizibandika kwenye kadibodi zinadumu. Kwa upande wa GeoGebra, pakua toleo linalofanya kazi bila intaneti unapokuwa mjini, tengeneza mafaili yako mapema, na uhakikishe kishikwambi kimejaa chaji usiku wa kuamkia kipindi. Kikundi cha wanafunzi watano au sita kinaweza kukizunguka kishikwambi kimoja kwa zamu, huku wengine wakiendelea na swali la karatasi.

SWALI: Mimi ni mama mwenye kijana wa kidato cha sita. Anapokuwa likizo anapiga picha swali la kalkulasi kwa simu na programu inamletea jibu na hatua zote. Yeye anasema anajifunza. Nimnyang'anye simu?

JIBU: Mama mzazi, usimnyang'anye, lakini mbadilishie utaratibu. Programu za namna hiyo, kama Photomath, hutoa hatua sahihi kwa maswali mengi ya kawaida, na ndiyo sababu zinampa kijana hisia kwamba ameelewa alichokisoma tu. Katika kanuni ya mnyororo uamuzi mgumu ni wa kwanza kabisa: nini kiitwe u? Programu inaufanya uamuzi huo kabla yeye hajafikiri. Mtake aandike u yake kwenye daftari, kisha jibu lake zima, ndipo apige picha kulinganisha. Na kila siku atunge swali moja la kwake, lenye jibu analolijua, aone kama programu inakubaliana naye. Huhitaji kujua kalkulasi ili kulikagua daftari hilo. Tazama tu kama u imeandikwa kabla ya jibu.

SWALI: Bodi ya shule yetu inafikiria kununua ubao janja wa kugusa kwa ajili ya masomo ya sayansi. Je, kwa mada kama kalkulasi una faida gani juu ya projekta ya kawaida?

JIBU: Kwa mada hii, faida ni ndogo. Kila nililolieleza hapo juu linawezekana kwa projekta, kompyuta mpakato ya zamani na ukuta mweupe. GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg nchini Austria mwanzoni mwa miaka ya 2000, hutumika darasani bila malipo. Ubao wa kugusa unampa mtu mmoja nafasi ya kusogeza nukta huku wengine wakitazama. Fedha zikiwepo, ningezielekeza kwanza kwenye umeme wa uhakika, kisha kwenye vifaa vichache vya mkononi vya kugawana, na muda wa walimu kukaa pamoja kutunga maswali.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita mkoani Mwanza. Mwenzangu anasema kanuni ya mnyororo haihitaji uthibitisho, kwa sababu katika dy/du × du/dx zile du zinakatana tu. Mwalimu wetu amesema hoja hiyo ina kasoro lakini kipindi kikaisha. Kasoro iko wapi, na ninaweza kuiona kwenye kompyuta?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako yuko karibu na ukweli. Leibniz, mwanahisabati Mjerumani aliyetuachia alama hizo, aliitumia kanuni hii katika maandishi yake ya mwaka 1676, na alama zake zilichaguliwa vizuri kiasi kwamba zinaikumbusha kanuni kila unapoziandika. Kwa mabadiliko halisi, ambayo si madogo mno na tunayaandika kwa alama Δ, ni kweli kabisa kwamba Δy/Δx ni sawa na Δy/Δu × Δu/Δx, mradi Δu si sifuri. Kasoro iko kwenye hilo neno mradi. Tumehakikisha kwamba Δx si sifuri, kwa sababu sisi ndio tunaoichagua. Δu hatukuichagua, imeletwa na fankisheni ya ndani, na inaweza kuwa sifuri.

Unaweza kuliona hilo kwa macho. Chora kwenye GeoGebra u = x² sin(1/x), na uipe thamani 0 pale x = 0. Vuta karibu na sifuri. Mkunjo unaukata mhimili kwenye 1/π, ambayo ni takriban 0.318, kisha kwenye 1/(2π), takriban 0.159, kisha kwenye 1/(3π), takriban 0.106, na kila unapozidi kuvuta unakuta umeukata tena, bila mwisho. Ukianza pale x = 0, basi hata uchague umbali mdogo kiasi gani, ndani yake zipo Δx zinazoifanya Δu kuwa sifuri, na kugawa kwa Δu hapo hakuwezekani. Kuwa na tahadhari na kioo: ukivuta kupita kiasi, kompyuta hutunza tarakimu takriban 15 au 16 tu, na michoro utakayoiona itakuwa ya makosa ya ukadiriaji, si ya fankisheni.

Tiba yake ni kuacha kugawa kwa Δu. Andika Δy = (f′(u) + e) × Δu, ambapo e ni kosa linaloelekea sifuri Δu inapoelekea sifuri, na tukubaliane kwamba e ni sifuri pale Δu yenyewe ni sifuri. Usemi huu unabaki kuwa kweli hata Δu ikiwa sifuri, kwa sababu hapo pande zote mbili ni sifuri. Sasa gawa pande zote kwa Δx, ambayo kamwe si sifuri. Δx inapoelekea sifuri, Δu nayo inaelekea sifuri, e inatoweka, Δu/Δx inakuwa g′(x), nawe unabaki na f′(u) × g′(x).

Kwa mazoezi, chukua u hiyo hiyo na y = u² + 5u, kisha utafute kasi ya badiliko la y pale x = 0. Kanuni inasema 5 × 0, yaani sifuri. Kokotoa Δy/Δx kwa Δx = 0.1, utapata takriban −0.27; kwa Δx = 0.01, takriban −0.025. Kikokotoo chako kiwe kwenye radiani, kipimo cha pembe ambacho kwacho nyuzi 180 ni π. Ukikiacha kwenye nyuzi, pembe itageuzwa kwanza kuwa radiani kwa kuzidishwa kwa π/180 kabla ya sini kukokotolewa, na utakuwa umeingiza kwenye mnyororo kiungo kingine ambacho nacho kina kasi yake ya kuzidisha.